Safu ya Nne

Ijumaa ile, kwa siku ya tatu mfululizo, Chomba alikataa kukaa. Benchi lilikuwepo, refu, la mbao, limelainishwa na makalio ya watu wote waliowahi kuingojea serikali katika korido ile, na Nono wa mapokezi alikuwa amemwonyesha kwa kidevu mara nne. Chomba alishukuru mara nne na kuendelea kutembea. Kutoka mlangoni hadi kwenye choo kilichofungwa kwa kufuli, hatua kumi na tisa. Kutoka chooni hadi mlangoni, kumi na tisa tena. Ndala zake zilikatwa kwenye tairi la gari. Wivine, ambaye mlango wa ofisi yake ulikuwa wazi kwa sababu ya joto la Oktoba, alikuwa amezihesabu hatua hizo mpaka akaichukia namba kumi na tisa.

"Papa, ikala basi," Nono alisema. "Unatuchokesha macho."

"Mutu akiikala hapa, banamusahau," Chomba alijibu. "Angalia bale. Banaikala tangu asubui, hakuna mwenye anabauliza kitu."

Waliokuwa kwenye benchi wakatazamana. Mmoja wao alisimama, akasita, kisha akaketi tena, maana hakuwa na uhakika.

Chomba alikuwa Mtwa, wa wale wenyeji wa kwanza wa misitu, kutoka kijiji cha Kalobwe, upande wa Pweto, mtu mfupi wa miaka hamsini na kitu, shati lake limefungwa vifungo vyote hadi kooni. Aliingia Lubumbashi Jumatano juu ya lori la samaki wakavu, na shati lile lilikuwa bado linasimulia safari hiyo kwa kila aliyepita karibu. Alikuja na jambo moja. Saa tisa alasiri ya Ijumaa, mkuu wa divisheni angepeleka kwa kamati ya wajumbe wa mkoa orodha ya vijiji kumi vya Batwa vitakavyojengewa zahanati. Kalobwe haikuwamo. Chomba alitaka iwemo kabla ya saa tisa, kwa kuwa aliambiwa wazi kwamba orodha nyingine kama hiyo huenda isionekane mpaka meno yake yaishe kinywani.

Jibu alilopewa Jumatano lilikuwa fupi. Kalobwe haiwezi kuingia kwenye orodha ya kujengewa zahanati, kwa sababu Kalobwe ina zahanati. Imeandikwa. Hali yake: bon, yaani nzuri.

"Iko wapi?" Chomba aliuliza siku hiyo, bila ubishi, kwa hamu ya kweli kabisa. "Mama, mutuonyeshe njia tu. Shiye tuliitafuta."

Na kweli waliitafuta. Mwezi wa nane redio ya kule ilisoma habari kutoka mkoani: zahanati ya Kalobwe imekarabatiwa, ina madirisha sita na mlango wa buluu. Watu wa Kalobwe walifurahi, wakacheza, kisha wakaanza kutafuta. Walidhani imejengwa ng'ambo ya kijito, kwa majirani zao wasio Batwa. Majirani nao walikuwa wanakuja upande huu kutafuta hiyohiyo. Wakakutana katikati ya daraja la magogo, kila upande ukiushuku mwingine kwamba umeificha. Siku mbili zilipita hivyo. Hawakuwa wajinga; redio ikishataja rangi ya mlango, mtu mwenye akili timamu hutafuta mlango.

Aliyetoa lile jibu fupi ni Wivine. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na kumi na nane kati ya hiyo aliitumia katika ofisi hii inayofuatilia huduma za serikali vijijini. Kufuatilia ni neno kubwa. Kazi yake ilikuwa kujaza fomu, na alizijaza vizuri, kwa mwandiko ambao hata wakuu waliompita cheo waliuonea wivu.

Sasa habari ya fomu yenyewe, maana hapo ndipo uozo ulipoanzia. Sheria ya kuwalinda Batwa na wenzao ilikuwa imetoka Kinshasa, na sheria ikitoka Kinshasa haiji peke yake, huja na fomu. Fomu ile ilikuwa na mstari mmoja kwa kila kijiji na safu tatu za kutia alama kuhusu zahanati: bon, moyen, à réhabiliter. Nzuri, ya wastani, ya kukarabati. Aliyeichora, Mungu amsamehe, hakuwahi kuwaza kwamba kijiji kinaweza kuwa hakina kitu cha kutiwa alama. Miaka mitatu iliyopita Wivine alifika kwenye mstari wa Kalobwe akakwama. Alimuuliza dereva aliyepita kule, naye akasema aliona nyumba za nyasi na zizi la mbuzi. Akaenda kwa mkuu wa divisheni, chef Gauthier.

"Ukiacha vide, ordinateur ya kule inakatala fichier yote," Gauthier alimwambia, maana kompyuta ya Kinshasa haikupokea nafasi tupu. "Weka à réhabiliter. Batajua kama kwiko kazi ya kufanya."

Lilikuwa shauri la busara, na lilionekana hata lina huruma ndani yake. Wivine akatia alama safu ya tatu. Mwaka uliofuata, kwa kuwa kitu cha kukarabatiwa kilikuwa kimeandikwa, kikakarabatiwa, nako ni kwenye karatasi. Nani alikarabati nini, fomu haikuuliza. Wivine alihamisha alama kutoka safu ya tatu hadi ya kwanza. Kisanduku cha maelezo nacho kilikataa kuachwa kitupu, akaandika: madirisha sita, mlango wa buluu. Hakufikiri hata dakika moja. Chini, mahali palipoandikwa aliyejaza, akaweka sahihi yake nzuri.

Tangu Jumatano hakuwa na raha. Chakula kilimgomea. Alipanga droo ya meza mara tatu, akanoa penseli ambazo hakuna aliyezitumia, akafungua dirisha akalifunga. Alijiambia kwamba yeye ni mtumishi mdogo, kwamba hata angekataa mtu mwingine angejaza, kwamba Batwa wamekaa bila zahanati tangu dunia iumbwe. Kila hoja ilikuwa nzuri. Kisha ndala zilifika chooni, zikageuka, zikaanza kurudi, na hoja ikamtoka.

Saa sita mchana alitoroka. Hakuna neno lingine. Alichukua mkoba, akapitia mlango wa nyuma panapomwagwa takataka, akashika njia ya kwao Kamalondo. Alivuka reli, jua likimpiga utosini, akapita mafundi cherehani waliotoa mashine zao barazani, na baa mbili zilizokuwa zinajaribu spika zao kwa wimbo uleule, moja ikiwa mbele ya nyingine kwa maneno mawili. Hapo ndipo alipozisikia. Tairi, lami, tairi, lami.

Alisimama. Zikasimama. Aligeuka.

"Unanifwata?"

"Hapana, mama," Chomba alisema kutoka hatua kumi nyuma. "Tunapita njia moya."

"Uko na ndugu mu Kamalondo?"

"Hapana."

Wivine alijikuta anataka kucheka, na hilo lilimkasirisha zaidi. Aliendelea kutembea, naye Chomba akaendelea, na watu wa barazani waliwatazama wakipita: mwanamke wa ofisi aliyenyooka mgongo, na nyuma yake mwanamume mfupi aliyefunga vifungo vyote. Alipofika kwenye barabara yao, ile ambayo babu yake alipewa nyumba alipokuja kutoka kaskazini kulaza mataruma ya reli, aliona hakuna namna. Mtu akikufuata mpaka nyumbani, ama unamkaribisha ama unamfukuza, na mtaa mzima uko nje unatazama utafanya lipi.

"Ingia basi, papa Chomba. Utakunywa maji."

Mama yake, Martine, alikuwa uani anamenya karanga. Alikuwa mwanamke wa miaka themanini kasoro, wa misa ya saa kumi na mbili asubuhi na rozari mfukoni, na alimtambua Mtwa kabla hajasalimiwa. Kwao kaskazini walikuwa wanaishi nao. Aliitikia salamu kwa upole. Kisha, Wivine alipoomba maji, Martine aliinuka mwenyewe, akapita kabati la vikombe bila kulitazama, akaenda nyuma ya jiko na kurudi na kopo la nyanya lililooshwa vizuri, limejaa maji baridi. Hakukuwa na ubaya usoni mwake. Ndivyo mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake, ambaye kibuyu cha Batwa kilikuwa kinaning'inia nje ya nyumba yake ili kisichanganyike na vya ndani.

Wivine aliona kopo na akaona haya, haya ya kweli, ile inayochoma masikio. Alifungua mdomo aseme kitu. Lakini Chomba hakuwa anatazama kopo. Alikuwa amesimama mbele ya mlango wa jikoni, ameukazia macho.

Mlango ule Wivine aliupaka mwenyewe, Pasaka ya mwaka juzi, kwa rangi iliyobaki kwa jirani. Ulikuwa wa buluu.

Chomba aliunyooshea kidole, kisha akaugusa, akapitisha kiganja juu yake mpaka kwenye kitasa. "Redio ilisema mulango ya buluu," alisema. Alikuwa anatabasamu, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano. "Siku mbili tulitafuta mulango ya buluu. Mu Kalobwe hakuna hata moya. Miye nilibaambia, pengine bantu ba État, ba serikali, balikosea njia, baliujenga ku Lubumbashi. Njo huu, mama. Nimeuona."

Ulikuwa mzaha tu. Angeweza kucheka, Martine angecheka, wangekunywa maji, na saa tisa ingefika yenyewe bila kusukumwa na mtu. Wivine aliuona mlango huo wa kutokea, ukiwa wazi kabisa.

"Njo huu, papa," alisema. "Miye njo niliandika. Sikufika Kalobwe hata siku moya. Balisema kisanduku kisibakie vide, nikaandika mulango ya kwetu."

Karanga zilikoma kumenywa. Chomba aliondoa mkono mlangoni taratibu na kuutazama kana kwamba rangi imemshika. Wivine, ambaye alitazamia matusi, ambaye hata aliyatamani, alisimama pale bila kujua aweke wapi mikono yake.

"Miye nilikuwa na mutoto mwanamuke," Chomba alisema mwishowe. "Keren. Mu mwezi wa pili mimba yake ilifika. Tulimubeba ku kinga, baiskeli, kilometre thelathini na moya mupaka ku centre de santé ya benzetu. Alikufa ku kilometre kumi na saba, mu njia, kwiko muti moya tu pale. Na mutoto ndani. Ile mwezi, ku papier yako, poste, ile zahanati, ilikuwa iko?"

"Ilikuwa iko."

"Basi ku papier yako Keren alikufa mu kitanda. Pembeni ya infirmier, muuguzi." Alimtazama sasa. Hakukuwa na msamaha katika macho yale, na Wivine alijua kwamba hautakuja, si leo, na kwamba si haki yake kuudai. "Mama, saa ngapi?"

"Saa saba kasoro."

"Saa tisa haiyafika," Chomba alisema. Alichukua kopo la nyanya, akanywa maji yote, akamrudishia Martine kwa mikono miwili. "Twende."

Walirudi mjini kwa mwendo ambao haukuwa kutembea wala kukimbia. Ofisini umeme ulikuwa umekatika. Feni zimesimama, watu wa benchi wanajipepea kwa barua zao. Orodha ilikuwa tayari, ilichapwa asubuhi, nakala mbili juu ya meza ya chef Gauthier pamoja na fomu ya hali ya vijiji ishirini na vitatu iliyoambatanishwa kama ushahidi. Gauthier alikuwa anavaa koti. Hakuwa mtu mbaya, na afadhali niseme hivyo mapema kabla hamjamchukia: alizika watumishi wawili wa ofisi ile kutoka mfukoni mwake mwenyewe, na siku za mvua aliwapa wenzake lifti. Alimsikiliza Wivine mpaka mwisho, funguo za gari zikicheza kidoleni.

"Nani alisaini ile fomu?" aliuliza.

"Miye, chef."

"Mara ngapi?"

"Miaka tatu."

"Donc ukisema poste haiko, unasema Wivine iko muwongo. Si miye. Weye." Alisema kwa sauti ya mtu anayemvuta mwenzake kutoka barabarani gari linapokuja. Kisha akakaa kwenye ukingo wa meza, akafikiri, uso wake ukang'aa. "Écoute. Mu liste kwiko extensions mbili. Kupanua poste zenye zimekwisha kuwa. Naweka Kalobwe pale: extension, maternité. Papa anapata nyumba yake, weye unachunga kazi yako, hakuna mwenye anaumia."

Wivine aligeuka. Chomba alikuwa mlangoni, amesikia yote. Ilikuwa zawadi, na ilikuwa imefungwa vizuri. Chumba cha kuzalia, Kalobwe, kabla ya mvua za mwaka ujao.

"Extension iko na infirmier?" Chomba aliuliza.

Gauthier alimtazama Wivine. Wivine alijua jibu kwa sababu yeye ndiye aliyejaza pia fomu ya wauguzi. "Hapana, papa. Extension inatumia infirmier mwenye iko ku poste."

"Na ku poste iko nani?"

"Ku papier, iko mutu."

"Na maji? Na dawa?"

"Byote biko ku poste."

Chomba alitikisa kichwa polepole. "Donc batajenga chumba pembeni ya kitu chenye hakiko," alisema. "Na banamuke betu bataenda kulala mule, bangoje mutu wa papier." Hakupandisha sauti. "Mwaka kesho nitarudi kusema iko chumba lakini infirmier hakuna, na mutaniambia iko, imeandikwa."

Na hivyo ndivyo ingekuwa. Saa ya ukutani ilisema saa nane na dakika kumi na mbili.

Wivine alikuwa na hofu. Tusimpambe. Aliwaza ada za shule, dawa za mama yake za presha, miaka kumi na minane, jina lake likisemwa koridoni. Alichukua nakala zote mbili za ile fomu mezani kwa chef, na chef akadhani anakwenda kurekebisha kama alivyoelekezwa, akamwacha. Alirudi mezani kwake, akafungua droo aliyoipanga mara tatu, akatoa rula.

Upande wa kulia wa karatasi palikuwa na ukingo mweupe, upana wa vidole viwili. Alilaza rula pale na kuvuta mstari kwa kalamu nyekundu, kutoka juu hadi chini. Safu ya nne. Juu yake akaandika kwa mwandiko ule mzuri: haipo. Kwenye mstari wa Kalobwe alikata alama ya safu ya kwanza, akakata madirisha sita, akakata mlango wa buluu, akatia alama mpya kwenye safu aliyoichora. Chini akaandika sentensi mbili tu: kwamba zahanati hiyo haikuwahi kuwapo, na kwamba aliyeandika ipo ni yeye. Akaweka sahihi na tarehe. Nakala ya pili akafanya vilevile.

"Na hii ingine?" Chomba alikuwa amesimama nyuma ya bega lake. Hakujua kusoma zaidi ya jina lake, lakini alielewa mistari. "Iko wapi?"

"Musolo."

"Musolo haina. Iko kuta ine, mbuzi banalala mule."

Wivine aliacha kalamu hewani. "Na Kibwe-Lunda?"

"Kibwe-Lunda iko. Infirmière wa kule iko muzuri, njo alitufungia Keren kidonda, mwaka ile ingine." Alifikiri. "Ile ya chini?"

Hivyo wakashuka na karatasi, kijiji kwa kijiji. Chomba alivijua tisa, kwa miguu yake mwenyewe. Kati ya hivyo vitano havikuwa na kitu. Kwa vile vingine kumi na vinne Wivine hakuwa na mtu wa kumuuliza, na hilo ndilo lililomtisha: alikuwa amevisaini vyote, na hakujua hata kimoja. Kando ya hivyo aliandika: sijui. Lilikuwa neno ambalo hakuwahi kuliandika kwenye karatasi ya serikali tangu aajiriwe.

Gauthier alipoiona karatasi alivua koti. "Hii sibebe," alisema.

"Najua, chef. Kwa hiyo njo nilifanya mbili."

Kila mtu wa ofisi za kwetu anajua kazi ya nakala mbili. Unapeleka zote, moja inabaki, nyingine inagongwa muhuri kwamba imepokelewa, unarudi nayo. Karatasi isiyo na muhuri huo inaweza kuanguka nyuma ya kabati ikazeekea huko. Iliyo nao imezaliwa, na mtu atalazimika kuijibu. Wivine alimwambia Nono amshikie simu. Nono, ambaye siku tatu hakumpa Chomba chochote isipokuwa kidevu, alitoka nje akasimamisha pikipiki, akagombana na dereva mpaka akakubali abiria wawili.

Walifika kwenye sekretarieti ya kamati saa tisa kasoro dakika sita. Karani aliyekuwapo alikuwa na usingizi. Hakusoma. Aliona karatasi ya divisheni, nakala mbili, sahihi, akagonga, akagonga, akaandika namba, akarudisha moja. Nje, gari la chef Gauthier lilikuwa linaingia langoni. Aliwaona. Hakuwasalimia.

Wakarudi ofisini kungoja. Wivine hakuweza kukaa sasa. Alikuwa yeye anayetembea, mlangoni hadi chooni, viatu vyake vya visigino vikipiga sakafu, na Nono akimtazama bila kusema kwamba anamchosha macho. Chomba alisimama dirishani ameishika nakala yenye muhuri kwa ncha za vidole.

Saa kumi na nusu Gauthier aliingia. Alionekana amechoka. Alimwambia Chomba kwanza, na hilo alilifanya kwa heshima, kwa kusimama mbele yake.

"Papa, Kalobwe iko mu liste. Namba saba. Poste muzima, na infirmier." Kisha akamgeukia Wivine. "Ya kumi baliitoa. Mwenye kijiji cha kumi atakuya kusimama hapa, utamujibu weye. Na commission inaomba tuende kuona byote ishirini na tatu, kwa macho." Alitoa bahasha mfukoni. "Na hii iko yako. Baliniomba niiandike palepale. Samahani, ndugu."

Wivine aliijua bahasha kabla hajaifungua. Ilikuwa demande d'explication, karatasi ambayo mtumishi akiipata huanza kufunga vitu vyake: eleza kosa lako kwa maandishi, saa arobaini na nane. Aliikunjua. Iliandikwa kwa mkono, kwa kuwa umeme ulikuwa haujarudi. Aliisoma amesimama, kisha akaisoma tena kwa sauti, kwa Kiswahili, kwa ajili ya Chomba.

"Banauliza: kwa nini Kalobwe haina poste de santé, na nani alijua."

Chomba alimtaka arudie, naye akarudia. Miaka yote hiyo fomu zilikwenda na kurudi, na hii ilikuwa mara ya kwanza serikali kuuliza swali hilo kwa maandishi. Lilikuwa limeelekezwa kwake, lingemla yeye, na Wivine aliogopa na akalia kidogo, lakini hakulitupa.

Aliingia ofisini, akasogeza penseli zilizonolewa bure, akaweka karatasi nyeupe mezani. Kiti kilikuwa kimoja tu. Alikivuta akamwonyesha Chomba, na yeye mwenyewe akainama juu ya meza, kalamu mkononi.

"Papa Chomba, nisaidie. Tuanze wapi?"

Chomba alikitazama kiti. Akafungua kifungo cha juu cha shati lake, akakaa.

"Andika kwanza jina ya mutoto yangu," alisema.